Kamera Iliyoanikwa

Kamera yangu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi za mume wangu na foronya. Ilikuwa imeshikwa na vibanio vya nguo, mkanda wake umenyooshwa vizuri, lenzi imetokeza nje, na maji yanadondoka tone kwa tone kwenye saruji ya uani. Jua lilikuwa kali. Upepo uliizungusha polepole, mara inanitazama, mara inanipa mgongo.

Mimi ndio kwanza nimeamka, kikombe cha chai mkononi, nywele timutimu.

"Mjinga gani huyu?" nikapiga kelele hadi njiwa wa jirani wakaruka. "Nasema, mjinga gani ameosha kamera yangu?"

Ngoja nieleze kwanza, maana najua kuna watakaouliza: si ni kamera ya majini? Si huingia majini kila siku? Haiingii, jamani! Kinachoingia majini ni ganda. Kamera yenyewe ni ya kidijitali ya kawaida kabisa, ya kupigia hata picha za harusi, na inaogopa maji kuliko paka. Ndiyo maana huwa naivalisha ganda la plastiki nene, lenye kimlango kwa nyuma na mpira mwembamba wa kuziba pembeni. Ukilifunga sawasawa, unaweza kuzama nalo hadi kusikoonekana mwanga na ndani kukabaki kukavu.

Kazi yangu ni kuzamia bandarini na kupiga picha vitu ambavyo wenyewe hawavioni: matumbo ya vivuko, minyororo, nguzo za gati. Wahandisi wanakaa juu kwenye viti vyao, wanataka kujua kutu imefika wapi. Mimi nashuka, napiga, napanda. Nikirudi nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, nalilowesha ganda kwenye beseni la bluu karibu na bomba, navibonyezabonyeza vitufe vyake ili chumvi itoke, maana chumvi ikikaukia humo vinakwama. Kila jioni, nimechoka nisichoke; jana tu ndiyo ilinishinda. Na kila jioni kulikuwa na mtu ameketi kizingitini, ananitazama bila kusema neno.

"Ni mimi," Mama akasema nyuma yangu.

Mama ni mama mzazi wa mume wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu, khanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyefanya kazi na akaridhika nayo.

"Jana ulirudi hoi, mwenye nyumba," akasema. "Ukalala bila kuosha vyombo vyako. Nikasema leo nikusaidie. Halafu nikawaza, kila siku unaosha ganda tu, mwenyewe aliye ndani haogi. Nikafungua kile kimlango, nikamtoa, nikampitishia sabuni kidogo. Ya unga sikutumia, ile inachubua. Nimetumia yangu ya kuogea. Na pale kwenye vitufe nikatumia mswaki laini."

Ingekuwa kamera ya mtu mwingine, ningecheka hadi nishike mbavu. Lakini ilikuwa yangu, na neno lilikwisha kutoka. Nilimwona akilisikia upya. Akaitazama kamera, akanitazama mimi, ile furaha ikamtoka usoni taratibu.

"Kumbe nimeiharibu," akasema. Akaweka ndoo chini bila kuigongesha, akaingia chumbani kwake.

Sasa, ili mwelewe kwa nini moyo ulinipasuka, lazima niwaambie kuhusu begi. Mama alikuja kwetu baada ya kuanguka. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba yake ya zamani, akateleza uani, akalala pale chini na mguu uliotenguka mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti. Kwanza alichukuliwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Huko akaunguza zulia kwa pasi, na siku moja akamsikia wifi akisema kwenye simu kwamba mama sasa anaharibu vitu. Hakugombana na mtu. Alifunga begi lake akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Tukamleta kwetu, na tangu siku aliyoingia, nguo zake hazijawahi kutoka kwenye begi hilo. Kabati tulimnunulia. Ndani ya kabati kulikuwa na viango vya kutundikia nguo tu. Khanga anaitoa begini, anaivaa, anaifua, anaikunja, anairudisha begini.

Na mimi ananiita "mwenye nyumba." Chai iko mezani, mwenye nyumba. Mwenye nyumba, umechelewa. Kila akiniita hivyo nasikia kama mgeni anayeomba radhi kwa kukalia kiti. Mama yangu mwenyewe nilimpoteza nikiwa mdogo kiasi kwamba hata sauti yake siikumbuki. Yeye hajui ni mara ngapi nimetamani aniite kitu kingine. Sikumwambia. Mimi ni hodari wa kufoka, lakini maneno ya namna hiyo yananikwama.

Mume wangu, ambaye hushona makochi na ana subira ya watu watatu, alinikuta pale pale uani.

"Umemwita mama yangu mjinga?"

"Sikujua ni yeye!"

"Ulidhani ni nani?"

"Wewe! Nani mwingine? Nilidhani ni wewe!"

"Ahaa," akasema, akalifikiria kidogo. "Basi hapo sawa."

Nilikwenda kugonga mlango wa Mama. Akafungua. Begi lilikuwa juu ya kitanda, na fulana yake ya sufi ilikuwa imekunjwa juu yake.

"Mama, nisamehe. Mdomo wangu unanitangulia, unanijua."

"Hujanikosea kitu, mwenye nyumba." Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Mguu wangu umeshapona. Kuna basi la mchana. Nitarudi kwangu nikapumzike, nanyi mpumzike."

Kwake maana yake ni ule ua aliotelezea, na jirani ambaye huenda safari hii asihitaji kiberiti. Nikajua kabisa kwamba akitoka kwetu, harudi tena kwa mtoto wake yeyote. Nikaianua kamera kambani niipeleke kwa fundi. Niliwaza, nikiirudisha ikiwa nzima kabla ya basi, hatakuwa na sababu ya kuondoka.

"Mzuie," nikamwambia mume wangu.

"Nimzuie vipi? Ni mama yangu."

"Utajua mwenyewe!"

Fundi wa kamera ana kibanda cha vioo nyuma ya soko la nguo, meza moja, taa moja, na vidroo vidogo vimejaa skrubu zisizoonekana. Watu wanamwita Daktari, naye ameshaamini. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, akaipeleka puani.

"Inanukia vizuri," akasema.

"Daktari, usinifanyie mzaha leo."

"Simo kwenye mzaha. Zote zinazokuja hapa zinanuka samaki." Akafungua mlango wa betri. Punje za mchele zikamwagika mezani. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ni mume wangu," nikasema. "Nilipokuwa navaa viatu, akaitia kwenye pipa la mchele. Alisikia mahali kwamba mchele unavuta maji."

"Mchele unavuta maji ukiwa sufuriani," Daktari akasema. "Na akajaribu kuiwasha?"

"Akajaribu."

"Mungu wangu."

Akaifungua. Nilisimama pale nikiuma kucha wakati anatoa kipande kimoja baada ya kingine na kuvipanga juu ya kitambaa. Sabuni ilikuwa imeganda nyeupe kwenye kila pembe. Akapuliza, akafuta, akagusa hapa na pale kwa vijiti vyake vya kupimia umeme. Hatimaye akaweka vijiti chini, akavua miwani, na hapo sikuhitaji kuambiwa.

"Pole, dada. Povu limefika hadi kwenye ubongo. Yaani kama mtu alikuwa na nia ya kuisafisha, ameisafisha kweli."

Nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya vidroo vya skrubu. Daktari akanipa kile kitambaa laini cha kufutia lenzi, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Kamera zipo nyingi," akasema.

"Silii kamera! Namlilia mama mkwe wangu!"

"Amefariki?"

"Hapana! Anapanda basi!"

Basi ikabidi nimweleze yote, na yeye akasikiliza huku anachomoa ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha. Akaikausha, akaisugua pembeni, akaichomeka kwenye kompyuta yake. "Kadi ni ngumu," akasema. "Kamera inakufa, kadi inabaki. Angalau kazi yako ya jana tusiipoteze."

Picha zikaanza kupita kwenye kioo. Nguzo. Nguzo nyingine, na kutu yake. Ufa. Kidole changu. Mnyororo. Kisha nguzo zikaisha, na ikaja picha ambayo sikuipiga mimi.

Ilikuwa nyeupe, imefifia, kama mtu amefunika lenzi kwa kiganja. Iliyofuata ilikuwa anga na soksi za mume wangu zikining'inia kichwa chini. Nikaelewa. Wakati Mama anavisugua vitufe kwa ule mswaki, kamera iliwaka, na ikaanza kupiga.

"Subiri," nikasema, kwa sababu Daktari alitaka kuruka. "Endelea polepole."

Picha iliyofuata ilikuwa ya chini ya maji. Ninaijua picha ya chini ya maji nikiiona hata kwa jicho moja. Ilikuwa imepigwa kutoka chini kabisa ya beseni la bluu, lenzi ikiangalia juu. Mapovu madogo yalikuwa yamekaa pembeni, mwanga wa asubuhi umevunjikavunjika juu ya maji, na katikati ya mwanga huo, uso wa Mama.

Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza na mvi zake zikaonekana. Alikuwa ameinama karibu sana, mikono yote miwili majini, imeizunguka kamera kwa namna ambayo watu humshika mtoto mchanga anapoogeshwa mara ya kwanza, wakiogopa asiteleze. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa anaongea. Na yale macho! Mimi huwa haniangalii usoni, huangalia meza, huangalia kikombe. Sikuwahi kujua kwamba Mama ana macho ya namna hiyo. Yalikuwa yamejaa kitu, na kitu hicho kilikuwa kinaimiminikia kamera yangu.

Iliyofuata ilikuwa giza tupu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Daktari akasema, sauti yake chini. "Imekufa ikiwa kazini."

"Niprintie," nikamwambia. "Kubwa. Na ufanye haraka, kuna basi."

Nilikimbia njia yote. Nikapita kwa muuza mboga bila salamu, na yeye si mtu wa kusahau jambo kama hilo. Nilipofungua mlango nikamkuta Mama kwenye kiti kilicho karibu na mlango, amevaa nguo zake za safari, begi mapajani, miguu peku. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni mbele yake, amekunja mikono, mkaidi wa kutupwa.

"Mwenye nyumba, afadhali umekuja," Mama akasema. "Mwambie mume wako. Amenificha viatu. Mtu mzima na ndevu zake!"

"Sijui viko wapi," mume wangu akasema, akiangalia ukuta.

Mama akaniangalia mkono. "Imepona?"

Ningeweza kudanganya. Mume wangu alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili nidanganye.

"Imekufa, Mama," nikasema. "Haiponi tena. Lakini kabla ya kufa ilikupiga picha."

Nikamwekea picha juu ya begi. Aliiinua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Alipojitambua, akajigusa mvi zake haraka, kana kwamba bado anaweza kuzifunika.

"Loo! Ndivyo nilivyozeeka hivi?"

"Mama, hapa mdomo uko wazi. Ulikuwa unasema nini?"

"Aa, si kitu. Maneno ya mtu akiwa kazini."

"Mama. Tafadhali."

Akaipangusa picha kwa ncha ya khanga, ingawa haikuwa na kitu.

"Mtanicheka," akasema.

"Hatutacheka."

"Mimi maji nayaogopa," akaanza. "Tangu utoto nayaogopa. Kila asubuhi wewe unatoka hapa na ile mitungi yako ya hewa, mimi nakaa pale dirishani na chai hainipiti kooni. Ukirudi mnakaa mezani mnaongea kutu, mnaongea nguzo. Mimi nawaza hewa tu. Nawaza, je, ikiisha? Je, mnyororo ukimnasa? Nitamuuliza nani? Mimi ni mgeni tu hapa, siwezi kumwambia mwenye nyumba aache kazi yake." Akaigusa ile kamera iliyomo kwenye picha, au mahali ambapo kamera ingekuwa, pale mikono yake ilipokutana. "Nikasema, huyu ndiye anayeshuka naye. Huyu ndiye anayemwona huko chini, mimi simwoni. Nikamwogesha vizuri, nikambembeleza. Nikamwambia, mimi siwezi kwenda, wewe unakwenda. Basi kila akishuka, nirudishie mwanangu. Ndicho nilichokuwa nasema. Nirudishie mwanangu."

Mwanangu.

Nilikaa chini pale pale, sakafuni, kando ya mume wangu. Nikaweka kichwa kwenye lile begi na nikalia, na safari hii sikuona haya hata kidogo. Nilimpenda mwanamke yule hadi kifua kikauma. Nilihisi mkono wake kichwani kwangu, kwanza kwa woga, kisha wote mzima.

"Na mimi nikakuita mjinga," nikasema ndani ya begi.

"Hukuniita mimi," akasema. "Ulimwita aliyeosha kamera. Na kweli, mtu gani mwenye akili anaitia kamera sabuni?"

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujikaza, akashindwa, kicheko kikamtoka puani, na baada yake sote watatu. Mama alicheka hadi akafuta macho kwa ile ile ncha ya khanga.

"Sasa basi?" mume wangu akauliza.

"Basi gani na miguu peku?" Mama akajibu. "Lete viatu vyangu vikae mahali pake. Na ikiwa umevitia kwenye pipa la mchele, tutasikilizana."

Mume wangu akainuka, akaelekea jikoni, na hakugeuka nyuma. Alikuwa ameviweka huko kweli.

Mimi nikalichukua begi. Nilimwangalia Mama kwanza, na hakunizuia. Nikalipeleka chumbani, nikafungua kabati, nikatundika nguo zake moja moja. Khanga nikazipanga kwenye rafu ya juu, fulana ya sufi chini yake. Begi lenyewe nikalikunja na kulisukuma juu ya kabati, huko nyuma kabisa ambako mkono wake haufiki.

Bosi wangu aliniazima kamera nyingine, kuukuu kidogo, nikaivalisha ganda langu lile lile. Sasa kuna kitu sisi wazamiaji hufanya kabla ya kazi: unalifunga ganda, unalizamisha kwenye beseni, unatazama kama kuna mapovu yanayotoka. Yakitoka, kuna mahali panavuja. Hiyo imekuwa kazi ya Mama. Kila asubuhi anainama juu ya beseni la bluu, amevaa miwani ya mume wangu, na hakuna atakayetoka nyumbani mpaka aseme, "Haitoi pumzi. Nenda, mwanangu." Mimi hapo hapo, mkono majini, nabonyeza kitufe mara moja.

Juzi mhandisi wa gati akanipigia simu. Alikuwa amefungua picha za mwezi mzima na amechanganyikiwa.

"Nisaidie kitu," akasema. "Kila kundi la picha, kabla ya nguzo ya kwanza, kuna mwanamke. Yuko juu ya maji, ananikodolea macho. Leo amenikemea kabisa, kidole juu. Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu," nikamwambia.

"Anafanya nini kwenye picha za gati?"

"Anahakikisha narudi."

Nikamsikia akihema upande wa pili, karatasi zake zikichakarika. Nilisubiri aniambie nimtoe.

"Basi mwache," akasema. "Nguzo nitaanza kuzihesabu kwenye picha ya pili."